Tusisubiri Ugali Ukwame: Jinsi Saratani ya Umio Inavyovuka Ukuta na Kusambaa

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Mlandege, Iringa



Nimepewa mada ya saratani ya umio. Mimi si daktari. Shahada yangu ni ya maendeleo ya jamii, na kazi yangu ya kila siku ni bajeti, taarifa za robo mwaka na magari yanayokwama kwenye matope. Lakini nimesaini fomu nyingi za nauli za wagonjwa, na ugonjwa huu niliuona kwanza nyumbani kwetu. Ndipo nikalazimika kujifunza, kwa kuwauliza madaktari na kusoma.

Shangazi yangu alikuwa na miaka 52. Mwezi wa sita, wakati wa baridi yetu hii, alianza kushushia ugali kwa maji. Kila tonge, funda la maji. Tulipomwuliza alisema, "Mwanangu, koo limekauka tu, ni vumbi hili." Mwezi wa nane akaacha nyama. Mwezi wa kumi akawa anakula wali uliolowekwa mchuzi. Krismasi sisi tulikula pilau, yeye akanywa uji. Katika miezi hiyo alitibiwa vidonda vya tumbo mara tatu, katika vituo viwili, na katikati akanywa dawa za mizizi. Mfuko wa diakonia wa usharika wetu ulimchangia mara nne. Mwezi wa pili ndipo alipopata kipimo cha kamera. Uvimbe ulikuwa umeziba njia karibu yote, na mitoki ilikuwa imevimba shingoni. Hakufika Pentekoste.

Ndugu wajumbe, hatuwezi kusema kwamba hatukutoa fedha. Tulitoa. Tulizitoa wakati usio wake. Leo nataka nieleze kwa nini, na ili nieleze ni lazima tuingie ndani ya umio wenyewe tuone seli zinafanya nini. Tukielewa hilo, tutajua shilingi ya usharika iende wapi.

UGONJWA HUU NI WETU

Kwa mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa duniani watu wapatao 511,000 walipata saratani ya umio, na wapatao 445,000 walikufa kwayo. Linganisheni namba hizo mbili. Ni ugonjwa ambao idadi ya wanaokufa inakaribia idadi ya wanaougua.

Katika Afrika, upande wa mashariki wa bara, kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, wagonjwa ni wengi kuliko upande wa magharibi. Wataalamu huuita ukanda wa saratani ya umio. Hapa Tanzania saratani hii imo miongoni mwa zile tano zinazoongoza. Katika ukanda huu pia huonekana wagonjwa wenye umri mdogo, wengine hawajafika miaka 40, jambo ambalo ni nadra kwingineko. Mnaotoa michango kutoka Ulaya na Marekani mtambue kwamba aina iliyoenea kwenu mara nyingi huanzia chini karibu na tumbo na huhusishwa na kiungulia cha muda mrefu na unene. Ya kwetu, kwa sehemu kubwa kabisa, ni ya seli bapa zinazotandika umio kwa ndani.

UKUTA NA MPAKA WAKE

Umio ni bomba la misuli lenye urefu wa kama sentimita 25 kwa mtu mzima. Linapitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Limelala nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo, mbele ya uti wa mgongo. Limebanana na majirani wengi.

Kwa ndani limetandikwa seli bapa, zimepangana tabaka juu ya tabaka. Seli mpya huzaliwa chini, husukumwa juu, hubabataa, kisha huchubuka na kumezwa pamoja na chakula. Ndivyo umio unavyojikarabati kila siku bila sisi kujua. Chini ya seli hizi kuna utando mwembamba sana, ambao hauonekani kwa macho. Tuuite mpaka. Chini ya mpaka ndiko iliko nyama laini yenye mishipa ya damu na ya limfu, kisha misuli.

Naomba mshike jambo moja hapa. Juu ya mpaka hakuna mshipa wa damu wala wa limfu. Chini ya mpaka ipo yote miwili. Kwa hiyo seli mbaya ikiwa bado iko juu ya mpaka haina njia ya kwenda popote. Ikivuka, njia zote ziko wazi.

HATUA YA KWANZA: SELI INAHARIBIKA MAHALI PAKE

Tabaka la ndani likiumizwa mara kwa mara, seli hulazimika kugawanyika mara kwa mara ili kuziba jeraha. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea katika kunakili jeni. Moshi wa tumbaku na pombe huleta kemikali zinazoongeza makosa hayo.

Katika kila seli kuna jeni iitwayo TP53, ambayo ni kama askari wa zamu. Seli yenye kosa ikitaka kugawanyika, askari huyu huisimamisha irekebishwe, na isiporekebishika huiamuru ife. Katika saratani nyingi sana za umio za aina yetu jeni hii imeharibika. Askari hayuko langoni. Seli zenye makosa zinazaliana, zinapandana ovyo, lakini bado ziko juu ya mpaka. Hali hii inaweza kukaa miaka. Haiumi, haizibi chakula, na kwa wengine haiendelei kuwa saratani.

Tunajua kwamba hali hii imo kwa watu wanaotembea wakiwa wazima. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet, Kenya, ambayo ni hospitali ya misheni, iliwapima kwa kamera watu wazima 305 wasio na dalili yoyote. Madaktari walinyunyizia umio dawa ya ayodini. Seli nzima zina wanga, hivyo hugeuka kahawia. Seli zilizoharibika hubaki na weupe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa asilimia 14.4 walikuwa na seli zilizoanza kuharibika, wengi wao kwa daraja la chini. Watu hao walikuwa wanakula ugali kama kawaida. Na katika hatua hii, vituo vyenye utaalamu vinaweza kuondoa sehemu iliyoharibika kwa kutumia kamera hiyo hiyo, bila kupasua kifua.

HATUA YA PILI: KUVUKA MPAKA

Seli nzima za umio zimeshikana mikono. Kinachozishikanisha ni protini, mojawapo huitwa kadherini. Seli inayoelekea kuwa saratani vamizi hupunguza protini hiyo. Inaachia mikono ya majirani. Kisha inabadili umbo: iliyokuwa bapa na imetulia inakuwa ndefu, inatoa kama vidole mbele na kuanza kutambaa.

Wakati huo huo inatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha utando ule wa mpaka na nyuzi za kolajeni zilizo chini yake. Haisukumi tu ukuta, inauyeyusha. Na haifanyi kazi peke yake. Huzichokoza seli nzima za jirani, zile zinazofuma nyuzi za mwili na hata baadhi ya seli za kinga, nazo zikaisaidia kulegeza udongo. Tena hutuma ujumbe wa kemikali unaoita mishipa mipya ya damu ije kuilisha. Tangu siku inapovuka mpaka, jina linabadilika: sasa ni saratani vamizi.

HATUA YA TATU: MIFEREJI NA MAJIRANI

Ninyi mnaolima vinyungu mabondeni mnajua kwamba maji yakishaingia mferejini hayaendi pale tu unapotazama. Yanafuata mfereji, na yanaweza kutokea bustani ya tatu kutoka kwako. Umio una mifereji mingi ya limfu karibu sana chini ya mpaka, na mingi inakwenda kwa urefu, juu na chini. Ndiyo maana saratani ya umio hufika kwenye mitoki mapema, hata uvimbe wenyewe ukiwa bado mdogo. Tena uvimbe ulio kifuani unaweza kupeleka seli kwenye mitoki ya shingo au ya tumboni. Ile mitoki ya shangazi yangu ilikuwa imesafiri hivyo.

Kuna jambo la pili. Tumbo na utumbo vimefunikwa kwa nje na ngozi laini inayozuia kidogo. Umio, kwa sehemu yake kubwa, hauna kifuniko hicho. Seli zikipenya misuli zinakutana na majirani moja kwa moja. Zikiingia bomba la hewa, mgonjwa hukohoa kila anapomeza, kwa sababu maji yanapita kwenda kwenye mapafu. Zikibana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, sauti hukwaruza na haiponi kwa dawa ya mafua.

HATUA YA NNE: KUHAMIA MBALI

Seli nyingine huingia kwenye mishipa ya damu. Nyingi hufa humo, kwa kuwa damu ina msukumo mkali na seli za kinga zinazunguka. Lakini chache hupona safari, hunasa kwenye ini, mapafu au mifupa, hushikana tena na kuanza makazi mapya. Ugonjwa ukifika hapo, upasuaji wa umio hauwezi kuumaliza, maana umeshahama.

KWA NINI TUNACHELEWA

Sasa swali la kamati: kwa nini hatua hizi zote zipite na mtu asijue? Sababu ni kwamba umio unatanuka. Uvimbe ukianza kujaza upande mmoja, upande wa pili unaachia nafasi. Kwa kawaida mtu huanza kukwamwa na chakula kigumu nafasi ikishapungua hadi kama milimita 13. Hapo seli huwa zimekwisha vuka mpaka, mara nyingi zamani.

Tena sisi wenyewe tunaficha. Ugali ukisumbua tunahamia wali. Wali ukisumbua, uji. Kila hatua tunaiita jina lingine: vumbi, vidonda vya tumbo, uzee, au tunasema amerogwa. Wapo wanaokimbilia kukatwa kilimi. Miezi sita inapita, na seli hazisubiri.

NINACHOOMBA KAMATI ZETU

Nimepitia fomu za nauli tulizosaini kwa wagonjwa wa aina hii. Karibu zote ni za safari ya mwisho: mgonjwa hawezi kumeza hata maji, gari linakodiwa, tunachanga kwa haraka. Kutoka hapa Iringa hadi Ocean Road, Dar es Salaam, ni kama kilomita 500. Tunatumia fedha nyingi kumfikisha mtu mahali ambapo daktari atasema amechelewa. Naomba tugawe kazi yetu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kabla ya ugonjwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, pengine husababisha saratani ya umio. Watafiti waliopima chai ya watu mkoani Kilimanjaro, wakachapisha matokeo mwaka 2015, walikuta kwamba kwa wastani funda la kwanza linanywewa kwenye nyuzi 70 hivi. Sisi wa nyanda za juu, wenye baridi na wenye mashamba ya chai Mufindi na Rungwe, hatuna cha kuwacheka. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: chai ikikulazimisha kuivuta kwa sauti ili isikuunguze, haijawa tayari. Isubiri. Hata akina mama wanaouza chai hapa sokoni Mlandege wanaweza kutusaidia kwa kuimimina mapema.

Tafiti zilizofanyika Eldoret, Moshi na Blantyre zimetazama pia tumbaku, pombe na afya mbaya ya kinywa, na zimeona uhusiano. Moshi wa kuni unatiliwa mashaka makubwa kwa sababu una kemikali za jamii ile ile iliyomo kwenye moshi wa sigara. Kwa hiyo jiko lenye bomba la kutolea moshi, mswaki, mboga na matunda, na kupunguza ulanzi na gongo, vyote ni kazi halali za fungu hili.

Hata hivyo tuwe wakweli kwa wafadhili na kwa waumini. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa jeni za uvimbe 552 kutoka nchi 8, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwamo. Haukupatikana mkwaruzo mmoja wa pekee kwenye jeni unaoeleza kwa nini nchi moja ina wagonjwa wengi kuliko nyingine. Kwa hiyo tusisimame mimbarini tukasema "ni chai" au "ni pombe." Mgonjwa ambaye hakuwahi kugusa pombe asije akaonewa na kanisa lake. Tupunguze hatari, bila kumhukumu mtu.

Fungu la pili ni mapema, na hapa ndipo penye ombi langu kubwa. Tuwe na kanuni ya siku 14. Mtu mzima yeyote ambaye ugali au nyama inamkwama, au anashushia kila tonge kwa maji, au anapungua uzito bila sababu, au sauti imekwaruza, na hali hiyo ikadumu siku 14, mjumbe wa diakonia wa mtaa wake aandike jina lake na kamati imlipie safari ya kipimo cha kamera. Asisubiri ashindwe uji. Kila kamati iulize tangu sasa, kabla hajapatikana mgonjwa, ni hospitali gani ya rufaa iliyo karibu yenye kipimo hicho, siku zake ni zipi, na gharama ni kiasi gani. Karatasi hiyo ibandikwe ofisini. Kipimo chenyewe si upasuaji: mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni, na daktari anachukua kinyama kidogo kikapimwe maabara. Bila kinyama hicho, hakuna anayejua kwa hakika.

Najua kanuni hii haitamfikia yule ambaye seli zake bado ziko juu ya mpaka, maana huyo hana dalili. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyefika wiki ya pili na aliyefika mwezi wa nane. Wa kwanza bado ana nguvu ya kuhimili upasuaji au mionzi na dawa, na huenda ugonjwa haujahamia mbali.

Fungu la tatu ni kwa waliochelewa. Nilipotoa wazo hili mara ya kwanza, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Sasa hawa walio hoi tuwaache?" Hapana. Kwa hawa upo msaada ambao wengi hatuujui: bomba dogo la waya, liitwalo stenti, linaingizwa kwa kamera bila kupasua, linajitanua na kufungua njia. Haliponyi, lakini mgonjwa huweza kumeza tena, mara nyingi ndani ya siku chache. Tenwek wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na hapa Tanzania pia huduma hiyo ipo. Mtu aliyekuwa anakufa kwa njaa mbele ya sahani anakaa tena mezani na watoto wake. Pamoja na dawa za maumivu na kutembelewa, hiyo ndiyo diakonia ya siku za mwisho. Shangazi yangu hakuipata, kwa sababu mimi mwenyewe, mwenye shahada, sikujua kwamba ipo.

KWA KUMALIZIA

Pendekezo langu mbele ya kikao hiki ni kwamba katika kila shilingi kumi tunazotenga kwa nauli za wagonjwa, nne ziwekwe pembeni kwa safari ya kwanza tu, ile ya kipimo, na zisiguswe kwa jambo lingine. Najua maana yake: kuna siku gari la dharura litahitajika na mfuko utakuwa mwembamba. Sisemi ni rahisi. Nasema mgonjwa wa dharura wa mwaka huu ndiye yule ambaye mwaka jana tulimwona anashushia tonge kwa maji, tukampitia.

Wafadhili wetu nao naomba watuelewe. Taarifa ya fungu la pili haitakuwa na picha nzuri. Itakuwa na majina ya watu waliopimwa, na wengi wao wataambiwa hawana saratani. Tafadhali msione kwamba fedha hizo zimepotea.

Leo jioni mtarudi nyumbani. Mkikaa kula, mwangalieni mama, baba, shangazi, mjomba. Tazameni anavyomeza. Akishushia kila tonge kwa maji, mwulizeni limeanza lini, na mhesabu siku.